Kampasi Kuwa Maabara Hai ya Mboji: Mwongozo Kamili kwa Vyuo Vikuu vya Nairobi

Kila siku ya muhula, jiko la chuo kikuu jijini Nairobi hutupa maganda ya viazi, mashina ya sukuma wiki, majani ya chai, maganda ya mayai na ukoko wa ugali. Hatua chache kutoka hapo, wafanyakazi wa bustani wanafagia majani ya mijakaranda na migrevilea. Mafungu haya mawili yakichanganywa kwa kipimo, huwa mboji katika muda wa miezi mitatu hadi minne. Yakiachwa kila moja kivyake, la jikoni hupakiwa kwenye lori likaishia Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo linapokea taka za jiji. La majani mara nyingi huchomwa papo hapo, moshi ukaingia madarasani.

Pale jaani taka za chakula hufukiwa chini ya nyingine. Hewa haipiti, na bakteria wasiohitaji oksijeni huanza kuzigeuza kuwa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha anga joto takriban mara 28 zaidi ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za aina hii inayooza. Tena Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza pale zinapozalishwa. Kwa hiyo kutenganisha taka chuoni ni wajibu, si hisani. Swali ni kama chuo kitautimiza wajibu huo shingo upande, au kitaufanya uwe sehemu ya masomo.

Naita kampasi maabara hai pale mambo matatu yanapokutana: kazi halisi inayofanyika kila siku, vipimo vinavyoandikwa, na somo linaloitolea kazi hiyo maksi. Likikosekana la kwanza, unabaki na tasnifu rafuni. Likikosekana la pili, unabaki na bustani nzuri tu. Likikosekana la tatu, mradi unakufa likizo ya kwanza.

Hilo la likizo ndilo linaloua miradi mingi. Sayansi ya mboji inajulikana vizuri, na Nairobi ina wataalamu wa udongo kuanzia Upper Kabete hadi Kahawa. Lakini chama cha wanafunzi kinaanzisha rundo mwanzoni mwa muhula, mtihani unafika, vyumba vinafungwa, rundo halina mwenyewe. Linakauka au linanuka, jirani analalamika, utawala unaagiza liondolewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwenye rundo kabla ya kufika kwenye rundo lenyewe.

Hatua ya kwanza: rundo lipate mwenyewe

Kabla ya kununua pipa hata moja, tafuta mfanyakazi wa kudumu wa idara ya bustani ambaye kugeuza na kulinda rundo kutaandikwa katika majukumu yake ya kazi. Mzee wa bustani aliyefanya kazi chuoni miaka mingi anajua upepo unavuma wapi, maji ya mvua yanapita wapi, na mti gani unapukutisha majani mwezi gani. Mpe cheo kinachofaa, glavu, gambuti, ovaroli, na siku za mafunzo zinazolipwa. Mwanafunzi atakuja na kwenda. Huyu atakuwepo Agosti na Desemba.

Kisha keti na watu wanne kwa pamoja: mkuu wa jiko, msimamizi wa bustani, mtu wa fedha, na mhadhiri mmoja aliye tayari kuweka mboji kwenye kozi yake. Wanafunzi wapate kiti, wawe na sauti, ila wasibebeshwe mzigo wa kila siku. Andikeni karatasi moja inayosema nani anafanya nini kila siku, nani anashika nafasi yake akiugua, na nini kitatokea wakati wa likizo na migomo.

Profesa Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kufundisha pale Chiromo, alilielewa jambo hili mapema. Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, iliwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliostawi baada ya kupandwa. Malipo yalifuata mti ulio hai. Nanyi wekeni bajeti ifuate rundo lililofikia joto lake na mboji iliyokomaa. Idadi ya mapipa yaliyozinduliwa mbele ya kamera haiambii mtu kitu.

Na wafugaji wa nguruwe je? Kampasi nyingi tayari zina mfugaji anayekuja na mapipa kuchukua mabaki ya chakula. Zungumza naye kabla hujamkatia riziki. Mabaki yaliyopikwa yana thamani kubwa zaidi tumboni mwa mnyama kuliko kwenye rundo, almradi ayachemshe upya, kwa kuwa mabaki mabichi yanaweza kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921. Mwachie mabaki ya sahani, nanyi chukueni maganda na mashina.

Hatua ya pili: pima kwa wiki mbili

Weka mizani ya kupimia magunia kwenye mlango wa nyuma wa jiko. Kwa wiki mbili za kawaida za muhula, kila ndoo inayotoka ipimwe na kuandikwa katika mafungu matatu: maganda na mboga mbichi, chakula kilichopikwa, na kila kitu kisichooza. Pimeni pia majani makavu na nyasi zilizokatwa, kwa kilo na kwa idadi ya magunia. Andikeni idadi ya sahani zilizouzwa siku hiyo, ili baadaye mjue gramu ngapi za taka zinatoka kwa kila mlo.

Hapa ndipo somo la kwanza linapoingia: wanafunzi wa takwimu wanaweza kuifanya kazi hii yote. Ikiwa mtawahoji watu kuhusu tabia zao za kutupa taka, pateni idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mapema, maana karatasi hizo huchukua muda.

Msishangae mkigundua kwamba chakula kingi kinatupwa kwa sababu sehemu anayopakuliwa mtu ni kubwa kupita njaa yake. Dawa ya hilo ni kupakua kidogo na kuruhusu nyongeza. Taka isiyozalishwa ni bora kuliko mboji yoyote.

Hatua ya tatu: kiwanja

Chukulia jiko linatoa kilo 100 za maganda kwa siku, siku sita kwa wiki. Ukiongeza majani makavu, kila wiki utapata mchanganyiko wa takriban mita za ujazo 3 na nusu, yaani rundo moja lenye upana wa mita 1.5, kimo cha mita 1.2 na urefu wa mita 3. Utahitaji nafasi ya marundo manane yanayofanya kazi kwa wakati mmoja, njia ya toroli katikati, banda la kuhifadhia majani makavu, na kona ya mboji inayokomaa. Uwanja wa mita 15 kwa 20 unatosha.

Chagua mahali penye mteremko mdogo, pasipotuamisha maji, angalau mita 30 kutoka kwenye mto au kijito. Kampasi zinazopakana na Mto Nairobi na matawi yake zizingatie hili kwa makini zaidi, kwani maji meusi yanayotoka kwenye rundo lililolowa yana naitrojeni nyingi na yakifika mtoni ni uchafuzi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Lang'ata na Embakasi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mwaga kokoto au jenga sakafu ya zege yenye mfereji, la sivyo toroli halitapita wakati wa masika. Udongo mwekundu wa Kabete hunywa maji vizuri; sakafu ya udongo ulioshindiliwa inafaa kuanzia.

Weka uwanja mahali watu wanapopita. Najua utawala utapendelea nyuma ya karakana, lakini maabara iliyofichwa haifundishi mtu, na rundo linaloonekana hutunzwa. Zungusha waya wa kuzuia mbwa na tumbili, weka tangi la maji ya mvua, na bango linaloeleza kinachoendelea kwa Kiswahili na Kiingereza.

Hatua ya nne: kutenganisha kunaanzia kwenye meza ya kumenyea

Anza na jiko peke yake. Usianze na hosteli. Ndoo za hosteli zina chupa, mifuko, pedi na betri, na kuzichambua kutawavunja moyo watu wako mapema. Mwaka wa kwanza wote uwe wa jiko na bustani.

Akina mama na vijana wanaomenya viazi ndio watakaoamua ubora wa mboji yako. Waketishe, waonyeshe mboji iliyokomaa, waulize ndoo ikae wapi ili isiwaongezee hatua. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, rangi moja kwa maganda, nyingine kwa visivyooza, zote karibu na mkono. Anayelazimika kuvuka jiko zima akiwa na karai la maganda atayamwaga kwenye pipa lililo karibu, na mimi nisingemlaumu.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoharibu: vibandiko kwenye matofaa kutoka ng'ambo, vifuniko vya chupa, vipande vya karatasi za nailoni zilizofungia maziwa, mipira ya kufungia sukuma wiki. Mfuko wa plastiki wa kubebea ulipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vingine bado vimejaa. Mtu mmoja achambue kila ndoo kwa mkono kabla haijapimwa, na aandike alichokiona. Ndoo yenye uchafu mwingi irudishwe jikoni siku hiyohiyo, kwa upole, pamoja na maelezo.

Nyama, mifupa na samaki viache nje kwa mwaka wa kwanza, vinaita panya. Ugali na wali huganda na kuzuia hewa, hivyo visizidi sehemu moja kwa tano ya taka mbichi, na vivunjwevunjwe kwanza.

Hatua ya tano: mchanganyiko, na hesabu yake

Vijidudu vinavyotengeneza mboji hula kaboni na kujengea miili yao kwa naitrojeni. Vinataka takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Maganda ya jikoni yana kama 18 kwa moja, majani makavu zaidi ya 50 kwa moja, nyasi mbichi na kinyesi cha ng'ombe karibu 20, kinyesi cha kuku karibu 10, na vumbi la mbao linaweza kufika mia kadhaa.

Tufanye hesabu, maana hii ndiyo kazi ya kwanza ninayowapa wanafunzi. Kilo 100 za maganda yenye unyevu wa asilimia 75 zina kilo 25 tu za vitu vikavu. Kaboni ikiwa asilimia 45 na naitrojeni asilimia 2.5, unapata kilo 11.25 za kaboni na kilo 0.63 za naitrojeni. Chukua kilo 40 za majani makavu yenye unyevu wa asilimia 15: hapo vitu vikavu ni kilo 34, kaboni asilimia 48 ni kilo 16.3, na naitrojeni asilimia 0.9 ni kilo 0.31. Jumlisha: kaboni kilo 27.6, naitrojeni kilo 0.93. Uwiano ni karibu 30 kwa moja. Maji yote ni kilo 81 katika kilo 140, yaani asilimia 58. Umepiga mle mle, bila kuongeza hata tone la maji.

Kwa vipimo vya uwanjani, hiyo ni ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili na nusu hivi za majani makavu. Watu wengi huweka majani machache mno, kisha wanalaumu mboji kwa kunuka. Kwa hiyo ghala la majani ni muhimu kuliko kifaa chochote utakachonunua. Kusanya na kuhifadhi majani makavu wakati wa kiangazi, yafunikwe, yatoshe kukuvusha masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Majani madogo ya mjakaranda huoza haraka. Ya mgrevilea, mkaratusi na msaipresi ni magumu. Yakatekate na uyachanganye na mengine. Vumbi la mbao kutoka kwa mafundi wa samani litumike kidogo, na tu ikiwa mbao hazikutiwa dawa wala rangi.

Sasa, likizo ndefu inapofunga jiko, maganda hukosekana. Hapo tumia nyasi zilizokatwa na tithonia, ule mmea wa maua ya manjano unaojiotea kando ya barabara na kwenye nyua za Kabete na Kikuyu. Majani yake mabichi, yakikaushwa, huwa na naitrojeni ya takriban asilimia 3.5, pamoja na potasiamu nyingi. Panda ua wa tithonia kuuzunguka uwanja wako, nalo litakuwa akiba yako ya Agosti.

Kujenga rundo: tandaza matawi membamba kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20 chini ili hewa iingie. Weka tabaka la majani makavu, kisha maganda, kisha majani, na uchanganye kwa fokojembe. Umalizie kila siku kwa blanketi la majani makavu la sentimita 10 juu, hata kama umechoka. Blanketi hilo ndilo linalozuia inzi, kunguru na harufu. Ukiwa na mboji ya zamani, nyunyiza koleo mbili tatu kama chachu.

Hatua ya sita: joto, hewa na majira ya Nairobi

Ndani ya siku mbili hadi nne, katikati ya rundo patavuka nyuzi 50 za Selsiasi. Nunua kipimajoto chenye mkono mrefu wa sentimita 50 au zaidi. Ndicho chombo cha pekee ambacho sikubali kukikosa. Pima sehemu tatu za rundo, saa ileile kila siku.

Joto likivuka 65, geuza, kwani vijidudu vyenye faida huanza kufa. Likishuka chini ya 50 katika wiki za mwanzo, geuza pia, maana hewa imekwisha. Kwa kawaida hiyo ni kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili za kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Ili kuua vimelea vya magonjwa na mbegu za magugu, fuata kanuni inayotumika Marekani kwa marundo marefu ya wazi: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na rundo ligeuzwe angalau mara tano katika muda huo. Unapogeuza, hakikisha kilichokuwa nje kinaingia ndani.

Unyevu hupimwa kwa konzi. Chukua mkono mmoja wa mchanganyiko ukamue: tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, unafaa. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Konzi ikifunguka na kumwagika, nyunyiza maji.

Pua nayo ni chombo cha maabara. Harufu ya amonia, ile kali ya mkojo, inasema naitrojeni imezidi: ongeza majani. Harufu ya yai bovu inasema hewa hakuna: geuza leo, usingoje kesho. Rundo lisilonuka wala kupata joto aghalabu ni kavu, au ni dogo. Chini ya mita moja kila upande, halihifadhi joto, hasa katika baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, usiku wa Nairobi unapofika nyuzi 12 hivi au chini zaidi.

Masika ndiyo mtihani mkubwa. Mvua ya siku tatu mfululizo inaweza kulowesha rundo lisilofunikwa mpaka moyoni. Ezeka mabati juu ya marundo machanga ikiwa fedha zipo. Zisipokuwepo, turubai lililoinuliwa pembeni ili hewa ipite. Januari na Februari ni kinyume chake: pima konzi kila siku, tumia tangi.

Anayegeuza rundo kavu avae barakoa, kwa sababu vumbi lake lina mbegu za kuvu zinazoweza kuumiza mapafu, hasa ya wenye pumu. Glavu ni lazima. Vidonda vifungwe, na chanjo ya pepopunda iwe ya karibuni.

Hatua ya saba: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila rundo lipewe namba na ukurasa wake: tarehe, kilo za kila kilichoingia, joto la sehemu tatu, matokeo ya konzi, harufu, siku lilipogeuzwa, mvua iliyonyesha, jina la aliyeandika. Daftari la karatasi likae kwenye banda, ndani ya kasha lisiloingia maji, na nakala ipigwe picha kila Ijumaa. Jedwali la kompyuta lifuate baadaye. Nimeona data nyingi nzuri zikipotea kwenye simu ya mwanafunzi aliyehitimu.

Kutokana na daftari hili masomo huchipuka kila upande. Wanafunzi wa kilimo walinganishe marundo matatu, moja la majani ya mjakaranda, moja la mgrevilea, moja la vumbi la mbao, kila moja likirudiwa angalau mara tatu ili tofauti isiwe bahati. Wa uhandisi watengeneze vipimajoto vya umeme vinavyotuma namba kila saa. Wa mikrobiolojia watafute Salmonella na bakteria wa kinyesi kabla na baada ya siku 15 za joto. Wa uhasibu wachukue ankara za mkandarasi wa taka na wapime kila tani isiyosafirishwa imeokoa shilingi ngapi, wakitoa mshahara, maji na vifaa. Wa saikolojia wajaribu bango lipi linapunguza uchafu kwenye ndoo. Wa sheria waisome Sheria ya 2022 kifungu kwa kifungu na kuandika chuo kinatimiza nini na hakitimizi nini. Nisingependa waishie kuisifu.

Sharti langu ni moja: kila utafiti uishe na pendekezo la ukurasa mmoja kwa kamati ile ya hatua ya kwanza, na kamati ijibu kwa maandishi. Chuo Kikuu cha Strathmore kilipoweka paneli za sola za kilowati 600 juu ya mapaa yake pale Madaraka mwaka 2014, mitambo hiyo ilizalisha umeme na pia ikatumika kufundishia mafundi. Mboji inaweza kufuata njia hiyohiyo kwa gharama ndogo mno.

Data wekeni wazi ili vyuo vingine vizitumie. Rundo la Kahawa na rundo la Lang'ata zikipimwa kwa fomu moja, Nairobi itakuwa na rekodi yake, na tutaacha kuazima vipimo vya nchi zenye theluji.

Hatua ya nane: imekomaa, au inaonekana tu imekomaa?

Baada ya wiki nane hadi kumi joto halipandi tena hata ukigeuza. Hamishia kona ya kukomaa, iache mwezi mmoja au zaidi, kisha chekecha kwa wavu wa sentimita moja. Vipande vigumu virudi kwenye rundo jipya.

Mboji changa hunyonya naitrojeni ya udongo na kuunguza mizizi, kwa hiyo ijaribu. Changanya sehemu moja ya mboji na kumi za maji, chuja, lowesha karatasi na uoteshe mbegu za sukuma wiki, nyingine uzioteshe kwa maji matupu. Hesabu zilizoota, pima urefu wa mizizi, kisha zidisha uwiano wa vyote viwili. Ukipata asilimia 80 au zaidi ukilinganisha na maji matupu, mboji iko tayari.

Jaribio la pili ni la maharagwe yaliyopandwa kwenye kopo lenye mboji hiyo. Nyasi za kampasi zikiwa zimenyunyiziwa viuagugu kama klopiralidi au pikloramu, sumu hiyo huweza kuvuka joto la rundo bila kuvunjika. Majani ya maharagwe yatajikunja na kuwa kama kikombe. Ukiona hivyo, mboji hiyo isiende kwenye mboga, na idara ya bustani iache dawa hiyo. Mara moja kwa mwaka peleka sampuli kwenye maabara za KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, zilizoko Kabete, au kwenye idara yenu ya kemia, zipimwe virutubisho na metali nzito.

Hatua ya tisa: udongo ndio lengo

Jiko letu la kilo 100 kwa siku litatoa kilo 350 hadi 400 za mboji kwa wiki, karibu tani tano kwa muhula wa wiki 14. Ukitandaza kilo tatu kwa kila mita ya mraba, hiyo inafunika zaidi ya mita za mraba 1,600.

Usiitandaze kila mahali kidogokidogo. Chagua viwanja viwili vinavyofanana, kimoja kipate mboji, kingine kisipate, na mvipime kwa miaka mitatu au zaidi. Zamisha mkebe usio na matako ardhini, mwaga maji, na uhesabu dakika yanazochukua kuzama. Chimba na uhesabu nyungunyungu. Peleka udongo maabara kupima kaboni. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kila ekari ya Nairobi inayonywa maji badala ya kuyasukuma barabarani ina maana kwa watu wa bondeni, na kampasi zina ekari nyingi.

Miti ya asili, vitalu vya miche na bustani ya mboga ya jiko vipewe kipaumbele kuliko nyasi za mapambo. Sukuma wiki iliyolimwa kwa mboji ya maganda yake ikirudi mesi, wanafunzi wataelewa mzunguko mzima kwa ulimi.

Kuhusu funza wa inzi askari mweusi, wanaokula taka na kugeuka chakula cha kuku na samaki: ni njia nzuri, na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, ina utafiti mkubwa juu yake. Inafaa hasa kwa chakula kilichopikwa. Lakini inataka joto la kudumu na uangalizi wa kila siku, hivyo iongezeni mwaka wa pili, rundo likishatulia.

Hatua ya kumi: mkataba wa taka na hosteli

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza mtakuwa na namba za mwaka mzima. Zipelekeni ofisi ya ununuzi kabla zabuni ya mkandarasi wa taka haijatangazwa upya. Mkataba unaolipa kiasi kilekile kila mwezi hauokoi kitu hata lori likiondoka nusu tupu. Ombeni malipo kwa uzito au kwa safari, na fungu la fedha zilizookolewa libaki kwenye uwanja wa mboji kulipia mfanyakazi wa pili.

Huyo wa pili ndiye atakayeanza na hosteli, jengo moja kwanza, ndoo moja kwa kila jiko la ghorofa, ikiondolewa kila jioni. Mkitaka kuuza mboji inayozidi, jueni kwamba uuzaji wa mbolea unasimamiwa na Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, pamoja na viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Hakikisheni mmevitimiza kabla ya kuandika neno mbolea kwenye gunia. Hadi hapo, wapeni majirani na shule za karibu bure, na kila gunia liende na nakala ya ukurasa wake wa daftari.